Kumuuguza mzee nyumbani bila kumtelekeza, na kumuuliza mapema anachotaka

Wengi tunadhani kumtelekeza mzee ni kumfukuza au kumpiga, kumbe mara nyingi yuko humo humo ndani, chumba cha uani, watoto wanatuma hela kila mwezi na bado hajaogeshwa tangu juzi. Kwahiyo ukienda kumsalimia usiishie sebuleni. Ingia alipolala, mshike mkono, angalia kucha, angalia midomo kama imekauka, angalia kama kikombe cha maji kipo anapofikia. Wengine wananyimwa maji makusudi ili wasikojoe kitandani, hii ipo sana na ni hatari, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, mtu anaanza kuweweseka af watu wanasema ni uzee tu.

Kubwa zaidi mfunue mgongo. Vidonda vya kulala vinaanzia penye mifupa, juu ya makalio, nyonga, visigino. Kwa ngozi nyeusi panakuwa peusi zaidi kuliko pembeni, pana joto au pamekuwa pagumu, na akiguswa hapo anakunja uso. Ukiona hivyo ageuzwe kila baada ya masaa mawili, kulia, chali, kushoto, mto katikati ya magoti, shuka lisiwe na mikunjo. Muinueni wawili, msimburute, kuburuta ndo kunachuna ngozi. Msipasugue wala kupapaka spiriti. Kikishatoboka apelekwe hospitali, kinaweza kula mpaka mfupa.

Sasa kabla hujamgombeza anayemuuguza, muulize yeye analala saa ngapi. Mara nyingi ni dada mmoja tu aliyerudi nyumbani, au mkwe, kaachiwa kila kitu na wote mnapiga simu kuuliza "mama anaendeleaje". Kaeni kikao mgawane zamu za usiku, sio michango tu, wa mjini naye aje alale chumba kile kile ageuze. Ila kama anapigwa, anafungiwa, au pensheni yake inaliwa, nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii, usisubiri kikao. Na kwa Tanzania, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure, iko kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, hospitali za serikali ulizia dirisha la wazee.

Hili la pili, kumuuliza mapema anachotaka, ndo watu wanalikwepa, wanasema ni uchuro, unamtabiria mama kifo. Mimi naona anayekataa kumuuliza mzee ndo anayemuacha mwenyewe siku ya mwisho. Usianze na "ukifa". Subiri mkitoka msibani, muulize "mama, pale walivyofanya umeonaje, wewe ungependa iweje?" af nyamaza, muache aongee hata akizunguka na habari za zamani. Unataka kujua akizidiwa akimbizwe hospitali ya rufaa au abaki nyumbani, nani aongee na daktari, nani aitwe mapema, azikwe wapi, anadai nani na anadaiwa na nani. Maumivu yasiwe sehemu ya kuvumilia, kama ni kansa ulizia tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, kuna mofini ya maji anakunywa akiwa nyumbani.

Akishasema usibaki nayo wewe peke yako. Kenya mwaka 1987 mwili wa wakili S.M. Otieno ulikaa mochwari miezi mitano, mjane anasema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, ukoo unasema azikwe kwao Siaya, mahakama ikaupa ukoo. Kwahiyo aseme mbele ya pande zote, wa kwake na wa mumewe, aliye mbali awekwe kwenye simu, spika ikiwa wazi. Wosia wa mali uandikwe kabisa, usainiwe mbele ya mashahidi ambao sio warithi, kwa Tanzania RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea kuhifadhi. Muislamu amuone sheikhe kwanza maana wasia hauvuki theluthi moja ya mali na aliye mrithi tayari haachiwi kitu kwa wasia.

Mengine andika kwenye daftari na tarehe, umsomee asikie, piga picha uwatumie ndugu wote. Na akibadilisha mawazo mwezi ujao, ni haki yake, andika upya uwatumie tena.