Kuiandaa skimu ya kijiji kabla ya kupeleka maombi Tume ya Taifa ya Umwagiliaji

Wakulima wa mpunga wanapokutana kuzungumzia skimu yao, jambo la kwanza kutajwa huwa ni banio la zege, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, na la pili ni kusakafia mfereji mkuu. Matoleo, yaani mitaro ya kuyaondoa maji shambani yakishamaliza kazi yake, hutajwa mwishoni kabisa watu wakiwa wameshaanza kusimama, au hayatajwi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi ambacho tayari kina mfereji wa udongo na kinataka Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ikiboreshee, na kwa makusudi unatumia nafasi kubwa kwa mambo ambayo mkutano huyaruka.

Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, sheria ambayo ndiyo pia iliyoanzisha Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji. Makao yake makuu yako Dodoma, na ina ofisi mikoani. Wahandisi wake hufanya upembuzi yakinifu, husanifu, husimamia ujenzi na hufuatilia uendeshaji wa skimu, lakini si wao wanaotoa ruhusa ya kuchukua maji mtoni. Ruhusa hiyo hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na nchi imegawanywa katika mabonde 9, hivyo mkulima wa Mbarali ataelekea Bonde la Rufiji, wa Moshi Bonde la Pangani, na wa Mvomero Bonde la Wami/Ruvu. Sheria inazitambua haki za kimila za kutumia maji, jambo linalowahusu hasa wenye mifongo, yaani mifereji ya asili, iliyochimbwa na babu zao. Hata hivyo, haki ambayo haijaandikishwa ni vigumu kuitetea siku jirani wa juu atakapoleta pampu, kwa hiyo anzeni na ofisi ya bonde mapema, kwani kibali cha maji ndicho kitakachoulizwa kwanza.

Kabla ya kuandika barua yoyote, pimeni maji yenu wenyewe. Chagueni sehemu ya mto iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa, kisha simikeni vigingi viwili vilivyoachana kwa mita 10. Pimeni upana wa maji, na kina chake mahali patatu au panne ili mpate wastani. Mtu mmoja adondoshe chungwa, au chupa ya plastiki iliyojazwa maji nusu, juu kidogo ya kigingi cha kwanza, na mwenzake ahesabu sekunde kwa simu mpaka lifike kigingi cha pili. Rudieni mara tano. Tuseme upana ni mita 1.5, kina cha wastani mita 0.4, na chungwa limetumia sekunde 20: eneo la maji ni mita za mraba 0.6, mwendo ni nusu mita kwa sekunde, na mkizidisha mnapata mita za ujazo 0.3 kwa sekunde. Zidisheni tena kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yanayosugua chini na kandokando, na jibu ni lita 240 kwa sekunde. Mpunga kwa makadirio ya kawaida huhitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa sekunde kwa kila hekta. Hamwezi kuuchukua mto wote, maana wapo wa chini yenu na wapo viumbe wa mtoni, kwa hiyo mkiruhusiwa nusu mnabaki na lita 120, zinazotosha hekta 60 hadi 80, tena kabla ya kutoa yale yanayonywewa na mfereji wa udongo njiani. Mkutano uliokuwa ukizungumzia hekta 300 hutulia ukisomewa hesabu hiyo. Upimaji huu ufanyike kiangazi, maji yakiwa haba, na uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, mwaka hata mwaka, kwa sababu mhandisi atakayekuja kwa siku mbili hawezi kuuona mto kama mnavyouona ninyi.

Tembeeni pia juu ya banio, si chini yake tu. Mradi wa Moshi ya Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulikuwa na mabanio mazuri na mifereji iliyosakafiwa, na mpunga ulistawi. Wakulima wa juu ya mto Rau waliona faida hiyo nao wakaanza kulima mpunga, na maji yaliyokuwa yamehesabiwa kwa ajili ya skimu yakapungua. Orodhesheni kila mfereji na kila pampu iliyo juu yenu, na mkae na wenye navyo kabla ya usanifu, kwa kuwa makubaliano ya zamu kati ya wa juu na wa chini hayajengwi kwa saruji.

Sasa matoleo. Chimbeni shimo la kina cha mita moja katika jaruba (kitalu cha mpunga) la chini kabisa, siku chache baada ya kumwagilia, mliache lilale, kisha asubuhi mtazame maji yamesimama wapi. Yakiwa karibu na uso wa ardhi kwa chini ya nusu mita, shamba hilo halitapokea mahindi wala maharage bila mtaro wa kutoa maji, na hata mpunga utakuwa mgumu kuvuna kwa mashine. Kisha tafuteni ukoko mweupe kwenye matuta wakati wa jua. Maji ya chini yakiwa juu hupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi, jua huyakausha, na chumvi iliyokuwamo hubaki. Mabonde makavu yanayomwagiliwa bila matoleo huishia hapo, na kumwagilia zaidi bila njia ya kutokea ni kuongeza tatizo. Mkiuona ukoko huo, pelekeni sampuli za udongo kwenye maabara, mathalani ya kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Amueni pia maji yatatokea wapi: niliwahi kuona mtaro mzuri uliochimbwa hadi mpaka wa skimu na kuishia kwenye shamba la mjane mmoja, ambaye hakuwahi kuitwa mkutanoni. Njia ya mtaro hadi mtoni ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari utiwe saini.

Chama cha umwagiliaji kiwepo kabla ya maombi, kikiwa na katiba, orodha ya wanachama na ukubwa wa vitalu vyao, ratiba ya zamu, na daftari la ada. Ulizeni ofisi ya umwagiliaji ya mkoa utaratibu wa usajili kabla ya kumlipa mtu yeyote. Wanaolima kwa kukodi waandikwe pia, kwa sababu ndio watakaoingia matopeni siku ya kuzibua mfereji.

Faili lenu, litakalopita halmashauri ya wilaya, liwe na barua ya maombi, muhtasari wa kijiji, kibali cha maji au stakabadhi ya ombi lake, daftari la vipimo vya mto, na ramani mliyoichora kwa mkono inayoonyesha mfereji, mashamba, matoleo na njia za mifugo. Njia za mifugo husahaulika sana, na ng'ombe wasiokuwa na kivuko hujitengenezea chao ukingoni mwa mfereji. Msiweke mashamba ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, na tarajieni tathmini ya athari kwa mazingira.

Ujenzi ukianza, teueni wanachama wawili wa kuwapo kila siku na kuandika yanayofanyika. Siku ya makabidhiano msitie saini banio likiwa kavu. Ombeni maji yafunguliwe na yafike jaruba la mwisho, kisha mfuate matoleo kwa miguu hadi mtoni, mkiangalia kama maji yanatembea au yamesimama. Chukueni nakala ya michoro na funguo za malango yote, na mweke tarehe ya kwanza ya kuondoa tope.