Kufasiri mfano wa vibarua wa mizabibu, hatua kwa hatua

Chukua Mathayo 20:1-16: mwenye shamba anaajiri vibarua kuanzia alfajiri hadi saa kumi na moja, jioni anawalipa wote dinari moja moja, na wa alfajiri wananung'unika. Nautumia sana na vikundi vya Biblia hapa Dodoma, maana mtu wa Hombolo au Mpunguzi haulizi kibarua wa mizabibu ni nani.

Hatua ya 1: Kabla hujafungua, andika sentensi moja: mfano huu unasema nini? Usiifute hata ukiionea haya. Mwanafalsafa Mjerumani Hans-Georg Gadamer, katika kazi yake kubwa ya 1960, alitetea kwamba hakuna anayesoma akiwa mtupu. Tunaelewa kwa kuanzia maoni tuliyorithi. Basi yaweke mezani yapate kupingwa.

Hatua ya 2: Mazingira ya kale. Hapa usikawie, ingawa wahubiri wengi hupapenda. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa. Saa zilihesabiwa tangu macheo, kama zetu, kwa hiyo wa saa kumi na moja walifanya kazi kama saa moja tu. Yatosha.

Hatua ya 3: Andiko lenyewe. Hapa kaa. Nani alipatana ujira? Wa alfajiri peke yao. Wa saa tatu waliahidiwa kilicho haki, kiasi hakikutajwa. Kisha tazama mstari wa 8: malipo yanaanzia kwa wa mwisho. Jaribu kupindua mpangilio huo. Wa alfajiri wangepokea dinari yao wakaenda zao wameridhika, manung'uniko yasingekuwepo, na hadithi ingekufa. Msimulizi amewasimamisha makusudi waone wenzao wakilipwa, ndiyo maana mwenye shamba anaishia kumuuliza mmoja wao kama ana jicho la husuda kwa sababu yeye ni mwema. Mwanafalsafa Mfaransa Paul Ricoeur alisisitiza kwamba maneno yakishaandikwa hujitenga na nia ya mwandishi. Tunachobaki nacho cha kuhoji ni muundo kama huu.

Hatua ya 4: Shuku. Ricoeur huyohuyo aliwataja Marx, Nietzsche na Freud kuwa mabingwa wa shaka, yaani watu waliotafuta kinachofichwa nyuma ya maneno. Uliza: usomaji huu unamnufaisha nani? Tajiri wa shamba anaweza kuukamata mstari wa 15, kwamba mali ni yake na ataitumia apendavyo, akawapunja vibarua wake. Mjibu kwa andiko hilohilo: mwenye shamba wa mfano hakumpunguzia yeyote, aliongeza.

Hatua ya 5: Rekebisha sentensi yako, kisha jaribu hatua hizi kwenye shairi, hotuba au sheria. Kwenye mkataba wa kazi, mimi huanzia hatua ya 4.