Shokapu za nyuma: zipange kwa kilo zako, siyo za jirani

"Fundi, kaza mpaka mwisho." Hapa kijiweni Kirumba, Mwanza, sijui kama kuna agizo ninalolisikia kuliko hilo, hasa kwa vijana wanaobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni. Anakaziwa leo, kesho kutwa anarudi ameshika kiuno: pikipiki inamrusha kwenye rasta kama punda aliyechokozwa. Simcheki. Nilipoanza boda nilikuwa na kilo 58, na pikipiki niliyokabidhiwa ilikuwa imekazwa kwa ajili ya mwenyewe, mtu wa kitambi. Miezi mitatu nilidhani naumwa figo.

Tuelewane kwanza. Kukaza, yaani kuibana springi ya shokapu kwa kuzungusha pete yake, hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Springi ni ileile. Unachobadilisha ni mahali pikipiki inapokaa ukishaipanda. Tairi linahitaji nafasi ya kupanda likikuta jiwe na nafasi ya kushuka likikuta shimo. Ukikaza kupita kiasi, nafasi ya kushuka inaisha, tairi linaruka shimo badala ya kulifuata. Ukilegeza mno, shokapu zinagota. Kwenye zile barabara za mawe za milimani, Mabatini au Bugando, unazihitaji nafasi zote mbili ndani ya mita kumi.

Vifaa: futi ya fundi cherehani, chaki, ile spana iliyopinda kama mwezi mwandamo inayokuja na pikipiki, na mwenzako mmoja asiye na haraka.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujagusa kitu

Jaza upepo wa tairi unavyotakiwa. Nimeshaona mtu analalamikia shokapu mwezi mzima, kumbe tairi lina upepo wa kuazima. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda bushi au beringi zimekwisha, anza na hizo.

Halafu kandamiza siti kwa mikono miwili, kwa nguvu, uachie ghafla. Sehemu ya nyuma inatakiwa ipande na kutulia. Ikidunda mara mbili, tatu, kama godoro la springi, mafuta ndani ya shokapu yamekwisha kazi. Springi hubeba, mafuta hutuliza. Hapo uzungushe pete mpaka jua lizame ziwani, hupati kitu. Ukiona shokapu inatoa jasho la oili, jibu ni hilohilo: badilisha, na badilisha zote mbili.

Hatua ya 2: Kipimo cha kwanza

Weka pikipiki kwenye dabo stendi, tairi la nyuma lining'inie. Weka alama ya chaki kwenye bodi, juu kabisa ya nati ya ekseli, wima. Pima kutoka katikati ya nati hadi kwenye chaki. Tuseme umepata sentimita 58. Andika.

Hatua ya 3: Panda ulivyo

Ulivyo maana yake koti la mvua, helmeti, na begi kama huwa unabeba. Ishushe pikipiki kwenye stendi, kaa unavyokaa njiani, miguu kwenye pedeli, mwenzako akushikie usukani. Jikandamize kidogo kwenye siti mara mbili ili shokapu zitulie, kisha mtu mwingine apime palepale. (Ndiyo, wawili ni bora kuliko mmoja. Kijiweni hawakosekani.)

Pima mara mbili: moja baada ya kukandamiza siti na kuiachia ipande taratibu, nyingine baada ya kuiinua kidogo na kuiachia ishuke. Namba zitapishana kwa sababu ya msuguano. Chukua ya katikati. Ukipata 54.5, pikipiki imezama sentimita 3.5.

Unachotafuta ni theluthi moja ya mwendo wote wa tairi la nyuma, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka. Boda nyingi zina mwendo wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo kuzama kati ya 3 na 3.5 ni pazuri. Ukizama 2, umekaza mno. Ukizama 5, umelegeza.

Hatua ya 4: Zungusha pete

Kwenye kila shokapu kuna pete yenye ngazi inayoikalia springi. Kwa nyingi iko chini. Pete ikipanda ngazi na kuibana springi, umekaza. Rudisha pikipiki kwenye dabo stendi ili springi isiwe na mzigo, futa matope, weka tone la oili, ndipo utie spana. Ngazi moja tu, kisha pima upya. Vuta spana kuelekea kwako, mkono mwingine ukiwa mbali na cheni. Ngozi ya kidole changu cha kati ilibaki kwenye sproketi moja huko Igoma.

Kushoto na kulia ziwe ngazi sawa. Hesabu kwa jicho, kisha hesabu tena kwa kidole.

Ukifika ngazi ya mwisho na bado unazama sana, shuka uangalie kitu kimoja: pikipiki ikiwa yenyewe, chini, inazama kwa uzito wake hata kidogo? Kama haizami kabisa lakini wewe ukipanda inalala, springi ni laini mno kwako. Tafuta springi nzito zaidi.

Hatua ya 5: Abiria na mzigo

Rudia kipimo na abiria mmoja. Mmoja. Mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hauna ngazi yake. Kwa kawaida utapanda ngazi moja au mbili. Siku ukirudi kuendesha peke yako, rudisha. Ni dakika tano.

Mbele

Shokapu za mbele za boda nyingi hazina pete ya kuzungusha, kwa hiyo kazi ni mafuta na sili. Tumia mafuta ya shokapu, kwa kiasi na aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Oili ya injini ni nzito, na asubuhi yenye baridi utahisi unasukuma toroli.

Kabla hujaondoka

Angalia cheni mtu akiwa amepanda, maana pikipiki ikizama cheni hukaza. Angalia na taa kubwa: nyuma ikiinuka, mwanga unashuka, ikilala, unawachoma macho wanaokuja.

Kisha andika kwa kalamu ya rangi chini ya siti. Yangu imeandikwa: "Peke yangu 2, abiria 4."

Yule kijana wa dagaa tulimpima wiki iliyopita. Na gunia lake la lumbesa alizama sentimita 7 ngazi ya mwisho, na gunia lenyewe lilikuwa limening'inia nyuma ya ekseli, usukani mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Nikamwambia alisogeze mbele, ligusane na mgongo wake, apunguze na debe moja. "Debe moja ni hela, fundi." Akalisogeza. Debe akaliacha palepale.