Kutoka Urithi Hadi Mkato: Namna ya Kuandaa Mradi wa Usanifu Majengo Unaohusu Utambulisho wa Kitamaduni

Mwanafunzi wa usanifu majengo anayepewa mada ya utambulisho na urithi wa kitamaduni, au anayejichagulia mwenyewe, hukutana na tatizo kabla hajachora mstari wa kwanza: mada ni pana mno, na ina heshima kubwa mno, kiasi kwamba karibu jengo lolote linaweza kudai kwamba linaitumikia. Mradi wangu wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa kituo cha utamaduni ambacho sura yake ya mbele niliifunika yote kwa nakshi za mkeka, zikakuzwa hadi kimo cha ghorofa tatu. Siku ya kuwasilisha, mtahini mmoja aliweka kiganja chake juu ya mchoro, akazifunika zile nakshi, kisha akaniuliza ni kitu gani kilichobaki kinachowahusu watu niliowataja katika maelezo yangu. Hakikuwepo. Ndani palikuwa na korido katikati na vyumba huku na huku, kama ofisi yoyote ile. Mengi ya ninayoyaeleza hapa nilijifunza baada ya kiganja kile.

Anza na swali, na liwe dogo

Usianze na jina la kabila, la taifa wala la dini. Anza na tendo linalofanyika mahali fulani. "Mradi huu unasherehekea utamaduni wetu" si swali na hauwezi kuchorwa. "Mgeni hungoja wapi kabla mwenyeji hajaamua kumkaribisha ndani?" ni swali, na tayari lina mlango, kivuli, mahali pa kukaa na umbali kati ya watu wawili. Vivyo hivyo unaweza kuuliza wazee hukaa upande gani wanapoamua kesi, maiti huoshwa wapi na hutolewa kwa njia ipi, mwari hujifunza kazi kwa nani na akiwa ameketi wapi, au fundi humrithisha mwanawe ujuzi kwa kuangalia nini. Sentensi yako ikikosa kitenzi na mahali, iandike upya.

Uliza pia ni utambulisho wa nani unaouchora. Jamii haina sauti moja. Ua ambao mzee anaukumbuka kwa fahari huenda binti yake anaukumbuka kama mahali alipofungiwa, na aliyehamia juzi naye ana haki ya kuonekana katika jengo la umma. Huna haja ya kuumaliza ubishi huo kwenye karatasi, lakini jopo likigundua kwamba hukujua kama upo, mradi utaonekana mwepesi. Mimi huona ni bora mwanafunzi aseme waziwazi kwamba amechagua upande mmoja kuliko kujifanya amewabeba wote.

Pima jengo halisi kwa mikono yako

Hatua hii ndiyo ambayo wanafunzi wengi huiruka, kwa sababu picha zinapatikana kwa wingi na muda ni mfupi. Picha hukupa sura. Kipimo hukupa kanuni. Tafuta jengo moja linalobeba lile tendo uliloliuliza, omba ruhusa kwa wenyewe, na uende na mwenzako mmoja, futikamba, timazi, daftari la kurasa kubwa na penseli laini.

Chora kwanza ramani ya chumba kwa kukadiria kwa macho, bila kupima chochote, ili uwe na mahali pa kuandikia namba. Kisha shikilia mwanzo wa futikamba kwenye kona moja na usome vipimo vyote vya ukuta huo kutoka kona hiyo hiyo: 0.62 mwanzo wa dirisha, 1.48 mwisho wake, 2.90 ukingo wa mlango. Ukipima kipande kimoja kimoja na kuvijumlisha, kila kosa dogo litabebwa hadi kwenye kipimo kinachofuata, na mwisho wa ukuta utakuta umepoteza sentimita kumi bila kujua zilikopotelea. Pima pia ulalo wa chumba kutoka kona hadi kona, mara mbili, kwa kuwa kuta za zamani ni nadra kukutana kwa pembe mraba na ulalo ndio utakaokuambia chumba kimepinda kuelekea wapi. Kwa kimo, tumia mpira mwembamba unaopitisha nuru, uliojazwa maji, kama mafundi wanavyofanya. Weka alama za usawa mmoja kuzunguka kuta zote, kisha pima juu na chini kutoka alama hizo. Unene wa ukuta upime pale penye mlango au dirisha. Usikisie.

Ukimaliza, rudi tena asubuhi, adhuhuri na jioni, na uweke alama kwenye ramani mahali ambapo watu wameketi. Hapo ndipo nyumba huanza kusema. Kibaraza ulichokiona kitupu saa nne huenda ni chumba cha mapokezi saa kumi na moja, na sebule yenye viti vya thamani huenda haingiwi na mtu hadi siku ya msiba.

Tafuta sababu iliyozaa umbo

Kila kitu ulichokipima kiulize maswali manne: kinafanya kazi gani, kimetengenezwa kwa nyenzo gani, nani hukitunza, na kikiondolewa nini kitaharibika. Mifano miwili inatosha kuonyesha ninachokusudia.

Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1907, una vifurushi vya miti ya mvumo vinavyochomoza kutoka kwenye kuta za udongo. Kwa aliyeona picha tu, hayo ni mapambo, na wasanifu wengi wameyabandika kwenye kuta za saruji na vioo ili jengo "lionekane la Kiafrika". Lakini miti ile pia ni ngazi. Ukuta wa udongo huliwa na mvua na lazima upakwe upya, na watu wa mji hupanda juu ya miti hiyo wakati wa kazi ya kila mwaka ya kuukandika msikiti. Umbo, mvua na ushirika wa mji ni jambo moja. Ukihamisha miti bila kuhamisha kazi ya kukandika, umehamisha ngazi isiyopandwa na mtu.

Mfano wa pili ni nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine, upana wake ukiwa chini ya mita 3 hivi. Sababu haikuanzia kwenye urembo, bali kwenye boriti: dari hubebwa na miti ya mikoko, na mti huo hauwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi bila kupinda. Kutokana na kikwazo hicho cha mti, waashi walijenga mpangilio mzima wa maisha. Unaanza na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita njia inayokunja ili macho ya barabarani yasifike ndani, unatokea kiwanda chenye mwanga, yaani ua wa katikati ya nyumba, kisha unaingia misana, vyumba virefu vinavyoelekea kiwanda hicho, na hatimaye ndani, chumba cha faragha, ambako ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya nakshi, hukaa mbali kabisa na mlango. Kadiri unavyozidi kuingia, mwanga unapungua na haki ya kuwa pale inapungua nayo. Mwanafunzi anayechukua zidaka na kuziweka kwenye ukuta wa nje wa hoteli ametoa kilichokuwa cha mwisho kuonekana na kukifanya cha kwanza. Huenda ana sababu nzuri ya kufanya hivyo, ila ni lazima aijue na aiseme.

Zoezi linalosaidia sana ni kuchora upya mkato wa jengo ulilolipima, yaani mchoro unaolionyesha kana kwamba limekatwa wima, mara kadhaa juu ya karatasi inayopitisha nuru, kila mara ukibakiza jambo moja tu: mara moja mwanga, mara nyingine upepo, kisha nani anamwona nani, kisha sakafu ilivyopanda na kushuka. Mchoro mmoja kati ya hiyo utakushtua. Huo ndio wa kuanzia kubuni.

Amua utafuata nini na utavunja nini

Ukishaipata kanuni, una njia kadhaa: kuitii kama ilivyo, kuitafsiri kwa nyenzo na matumizi mapya, au kuivunja kwa makusudi. Kilicho kibaya ni kuivunja bila kujua.

Kituo cha Utamaduni cha Jean-Marie Tjibaou mjini Nouméa, Kaledonia Mpya, kilichobuniwa na msanifu Mwitaliano Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 1998, ni mfano mzuri wa kutafsiri. Majumba yake 10 yanakumbusha nyumba za Wakanak, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo vya Pasifiki, na refu kuliko yote lina kimo cha mita 28, lakini hayakuigwa moja kwa moja. Mbavu za mbao zilizopinda na ngozi mbili za ukuta zinaruhusu upepo wa bahari upite katikati, na vilele vimeachwa wazi kana kwamba ujenzi haujaisha. Unaweza kulikosoa jengo hilo kwa mengi, mimi pia ninayo yangu, lakini uweke kiganja popote utakapo na bado utakuta kanuni inafanya kazi.

Kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor nchini Misri, ambacho msanifu Mmisri Hassan Fathy alianza kukijenga katikati ya miaka ya 1940, kinafundisha upande wa pili. Fathy aliufufua ufundi wa Wanubi wa kujenga matao ya tofali za udongo bila kiunzi cha mbao, kila safu ikiegemea iliyotangulia, na kazi yenyewe ni ya kupendeza mno. Hata hivyo wakazi waliokusudiwa kuhamishiwa huko wengi walikataa, na kijiji hakikukamilika. Walikuwa wanaondolewa kwenye makazi yao ya awali juu ya makaburi ya kale, ambayo yalikuwa pia riziki yao, na kuba ambazo msanifu aliziona kuwa urithi zilihusishwa na majengo ya makaburi. Urithi sahihi kwa ufundi unaweza kuwa si sahihi kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana michoro ya mwanzo irudishwe kwa watu uliowapima kabla haijafika kwa mwalimu.

Msanifu Francis Kéré alilifahamu hilo alipojenga shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin. Wanakijiji hawakuutaka udongo, kwa sababu walikuwa wameona nyumba za udongo zikibomoka kwa mvua. Hakuwahubiria kuhusu utambulisho. Alichanganya udongo na saruji kidogo ili tofali ziwe imara, akauinua mwamvuli wa bati juu ya dari ya tofali ili joto litoke na mvua isifikie kuta, na wanakijiji wenyewe wakashiriki kuijenga. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004.

Unapojenga kando ya jengo la kale

Hapa nitakuwa mfupi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka nyongeza itofautike na kazi ya kale, ili mtazamaji asidanganyike. Waraka wa Nara wa mwaka 1994, unaohusu uhalisi wa urithi, uliongeza kwamba uhalisi haupimwi kwa kigezo kimoja kila mahali. Hekalu la Ise nchini Japani hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013, na kinachohifadhiwa pale ni ujuzi wa mikono kuliko ubao wenyewe. Soma nyaraka zote mbili, kisha useme mradi wako unasimama wapi.

Kuwasilisha

Mchoro mkuu uwe mkato kwa kipimo cha 1:50, wenye watu ndani yake wakifanya lile tendo lililokuwa kwenye swali lako. Picha za kompyuta zenye machweo zifuate baadaye, kama nafasi ipo. Weka mkato wa jengo ulilolipima juu na wako chini, kwa kipimo kimoja, ili mtahini aone mwenyewe kilichohama na kilichobadilika bila wewe kusema neno. Maelezo yasizidi nusu ukurasa. Majina ya sehemu yaandike kwa lugha ya wenyewe na uyafafanue mara moja, kwani neno kama "msana" ukiliita "ukumbi" unakuwa umeshapoteza nusu ya ulichokiona. Modeli ifunguke, paa litoke. Mambo haya yako ndani.

Jiandae pia kwa swali la nani atalitunza jengo na kwa ujuzi gani, maana mradi unaotegemea chokaa au makuti lakini haumtaji fundi wake huanguka kwa swali hilo moja.

Baada ya kuwasilisha, chapisha nakala ya michoro ya vipimo na uipeleke kwa wenye nyumba uliyoipima. Andika tarehe, unene wa kuta na urefu wa kila boriti kwa namba zinazosomeka, bila vifupisho vya darasani, kwa sababu siku dari itakapohitaji kubadilishwa, atakayeisoma karatasi hiyo atakuwa fundi aliye juu ya ngazi.