Kazi ya Kitaaluma katika Akili Mnemba Inayojieleza: Mwongozo kwa Mwanadiaspora

Mwaka 2015 Rich Caruana na wenzake walichapisha makala kuhusu modeli ya kompyuta ya kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa nimonia, ambayo ilikuwa imejifunza kutoka kwenye data kwamba mgonjwa mwenye pumu yumo katika hatari ndogo kuliko asiye nayo. Kwa hesabu, modeli haikukosea: wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wakapata uangalizi wa karibu na wengi wakapona. Hospitali ambayo ingeifuata, hata hivyo, ingewarudisha nyumbani wale wale waliostahili kulazwa kwanza. Kasoro hiyo ilibainika kwa sababu modeli ilisomeka, yaani mtu aliweza kuona jinsi inavyofikia jibu, na madaktari waliweza kueleza chanzo chake.

Kila anayeniomba ushauri kuhusu fani hii ya kuifanya mashine ieleze sababu za majibu yake, mimi humsimulia kisa hicho, kwa kuwa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mbinu kama LIME ya mwaka 2016 na SHAP ya mwaka 2017, zinazoonyesha ni vigezo gani vilivyoisukuma modeli kutoa jibu fulani, sharti uzijue barabara, lakini kuzijua peke yake hakutakupa nafasi, maana leo ni vifaa vya kila mtu. Swali linalobaki gumu ni iwapo binadamu aliyepewa maelezo anaamua vizuri zaidi, au anaiamini tu mashine hata inapokosea. Watafiti Doshi-Velez na Kim, mwaka 2017, walitofautisha tathmini ya maelezo hayo inayofanywa na wataalamu katika kazi yao halisi, ile ya watu wa kawaida katika kazi iliyorahisishwa, na ile isiyohusisha mtu kabisa. Tasnifu iliyosimama juu ya aina ya tatu pekee, kwa maoni yangu, ina msingi dhaifu.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali nafasi ya uzamivu, soma tasnifu mbili za karibuni zilizosimamiwa na profesa atakayekusimamia, uone kama maelezo yalijaribiwa kwa washiriki, yaani watu halisi. Uliza pia ni nani huwalipa washiriki hao, na kibali cha kamati ya maadili huchukua muda gani, kwani wapo wanafunzi wanaopoteza muhula mzima wakikisubiri.

Kuhusu fedha, Uholanzi na Sweden kwa kawaida humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa mshahara, ilhali Marekani wengi hulipwa kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Wewe unayeishi ughaibuni tayari, zingatia hasa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya: kwa kawaida hautolewi kwa aliyeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Aliyekaa Ujerumani miaka miwili anaweza kukosa sifa huko huko, lakini akakubalika Ubelgiji. Hesabu tarehe zako mapema, na utunze mikataba ya nyumba na ya kazi, ambayo inaweza kuhitajika kama ushahidi.

Barua ya maombi usiianze kwa orodha ya programu unazozijua. Anza na mtu na uamuzi wake: muuguzi wa zamu ya usiku anaona alama ya hatari kwenye skrini, akionyeshwa na sababu za alama hiyo, atafanya nini tofauti, nawe utalipimaje hilo?