Kuhamasisha chanjo ya HPV: kazi ya wiki tatu kabla ya sindano

Timu ya chanjo ikifika shuleni asubuhi wakati barua kwa wazazi ilitoka jana yake jioni, mabinti wengi watabaki nyumbani, na watakaokuja watakuja na uvumi uliopikwa usiku mmoja. Kwa hiyo uhamasishaji uanze wiki tatu kabla. Maelekezo haya ni ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa afya na viongozi wa mitaa na vijiji Tanzania Bara, ambako tangu 2024 chanjo hii, inayokinga kirusi cha HPV kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hutolewa dozi moja, bila malipo, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Jina la chanjo

Ukiita "chanjo ya uzazi" au "chanjo ya wasichana", mzazi anasikia uzazi wa mpango, na hapo umeshapoteza nusu ya kikao. Hata "mlango wa kizazi" likitajwa peke yake, sikio linakamata "kizazi" na kuacha mengine. Tanguliza saratani kila mara: "chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi". Maneno "mradi" na "majaribio" yasionekane kwenye barua wala kusikika kwenye kipaza sauti, kwa sababu chanjo hii imo kwenye ratiba ya kawaida ya taifa tangu 2018.

Tangazo la gari lisizidi nusu dakika. Mfano: "Jumanne ijayo, wasichana wote wa miaka 9 hadi 14 watapata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Sindano moja, bila malipo, shuleni na kwenye zahanati. Asiyesoma naye aje. Una swali? Muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako." Uvumi usiutaje hapo. Ukisema kwa kipaza sauti "si kweli kwamba chanjo inaleta ugumba", waliokuwa hawajausikia wameshausikia, tena kutoka kwako.

Wiki ya kwanza: orodha na viongozi

Orodhesha mabinti kwa tarehe ya kuzaliwa, usifuate darasa. Darasa la tano linaweza kuwa na wa miaka 10 na wa miaka 13, na kidato cha kwanza bado kina wa miaka 14. Kisha pita na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji mtafute wasio shuleni: wasichana wa kazi za ndani, wanaouza karanga stendi, walio kwenye maboma ya wafugaji. Hao ndio husahaulika, kwa kuwa barua ya shule haiwafikii. Tarehe nayo ipangwe na mwalimu mkuu. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa, na mzazi hatapenda binti aumwe mkono wiki hiyo.

Imamu, mchungaji na padri waelezwe ana kwa ana kabla ya Ijumaa na Jumapili, na waachiwe ukurasa mmoja wa maelezo. Kiongozi wa dini akishtukizwa na muumini swali asilolijua, atajibu kwa tahadhari, na tahadhari yake waumini wataisikia kama katazo.

Wiki ya pili: kikao cha wazazi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tenga saa moja: dakika kumi za maelezo, zilizobaki ziwe za maswali. Maswali manne hayakosekani.

"Mbona mtoto wa miaka 9? Mnamshuku nini?" Jibu: hakuna anayeshukiwa. Chanjo inazuia kirusi kisiingie. Haitibu kilichokwisha kuingia, kwa hiyo inafaa zaidi mapema, na mwili wa umri huo hutengeneza kinga nzuri. Mzazi akiuliza kirusi kinaambukizwaje, mwambie waziwazi kwamba ni kwa kujamiiana na kugusana ngozi za sehemu za siri. Ukizunguka, atajua unaficha kitu.

"Itamfanya asizae?" Eleza ilivyotengenezwa. Ndani hamna kirusi kizima, ni protini zinazofanana na ganda lake la nje, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza. Halafu ongeza hili, ambalo kina mama hulielewa haraka: kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, maana matibabu yake mara nyingi ni kutoa kizazi au kuchoma mionzi.

"Dada yake alichomwa mbili, huyu moja. Mnampunja?" Ni swali zuri, na jibu ni fupi. 2018 ratiba ilikuwa dozi mbili. Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja 2022, baada ya tafiti, ukiwemo mmoja uliofanyika Kenya, kuonyesha kwamba dozi moja inakinga vizuri. Aliyepata mbili hajadhurika.

"Wavulana je?" Nchi nyingine huwachanja. Hapa dozi zinaelekezwa kwa wasichana, kwa kuwa wao ndio wenye mlango wa kizazi unaoshambuliwa.

Usiahidi kupita kiasi. Aina za HPV namba 16 na 18, ambazo chanjo inazilenga, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Binti aliyechanjwa atahitaji kupimwa akifika umri wa kupima, kwa kawaida miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU.

Siku yenyewe

Kuzirai hutokana zaidi na hofu, njaa na kusimama kwenye foleni kuliko dawa. Binti mmoja akianguka mbele ya wenzake, watatu watamfuata, na kabla ya saa nane mchana kata nzima itakuwa imepata habari. Kwanza wapate chakula: mwambie mwalimu uji uwahi. Wanaosubiri wakae mahali wasipoona sindano, kila mmoja achanjwe akiwa ameketi, na abaki kwenye benchi dakika 15 chini ya macho ya mtu. Waambie mapema kwamba mkono utauma siku moja au mbili, kichwa au homa kidogo vyaweza kuja. Maumivu yaliyotabiriwa hayaleti taharuki.

Mambo mawili hayaulizwi mbele ya darasa: ujauzito, ambao huahirisha chanjo, na VVU. Binti anayeishi na VVU anahitaji zaidi ya dozi moja, kwa hiyo mpangilio wake ufanywe na kliniki yake ya matunzo, kwa faragha.

Jioni ile ile linganisha orodha ya wiki ya kwanza na waliochanjwa. Aliyekosa kwa kuumwa apewe siku ya kwenda zahanati. Aliyezuiwa na mzazi, mtembelee nyumbani baada ya siku tatu, si kesho yake, na ukiweza nenda na jirani ambaye binti yake alichanjwa na anaonekana akiteka maji kama kawaida.