Somo: Kusoma ramani ya Kulal na Suguta kabla hujatoka Nairobi

Wengi wetu hapa Nairobi tukisikia jangwa tunawaza mchanga tambarare. Kusini mwa Ziwa Turkana kuna milima na mashimo matupu. Tafuta penseli na ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, tuanze.

Hatua ya 1. Andika vimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uso wa Ziwa Turkana karibu 360, na Mlima Kulal, mashariki ya ziwa, unapita 2,200. Yaani ukienda ziwani unateremka zaidi ya kilomita nzima, ndiyo maana joto lake halina mzaha.

Hatua ya 2. Soma kontua. Zikibanana sana, hapo ni genge. Zikijikunja kama V, tazama namba: ncha ikielekea kwenye namba kubwa ni bonde, ikielekea kwenye ndogo ni mgongo. Usiharakishe hapa. Kulal umepasuliwa na korongo refu, na V zake ni nzuri kujifunzia.

Hatua ya 3. Fuata laga, yaani mito ya msimu ambayo hukauka mvua ikiisha; kwenye ramani ni ile mistari ya buluu iliyokatika-katika. Za mashariki ya Kulal zinashukia Chalbi, sakafu ya ziwa la kale iliyobaki chumvi. Maji hayo hayafiki baharini.

Hatua ya 4. Sasa Suguta, ninayoipenda kuliko zote. Volkano ya Barrier imekaa kati ya ziwa na bonde hili, na kule kwenye Ziwa Logipi sakafu ya bonde iko chini kuliko uso wa Turkana. Hakikisha mwenyewe kwa namba.

MASWALI

Mwalimu, mbona juu ya Kulal kuna msitu na chini ni mawe?
Upepo wa kusini-mashariki ukigonga mlima hupanda, hupoa, ukawa ukungu. Ukishuka upande wa ziwa umeshakauka. Tena umebanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, kwa hiyo unakwenda kasi. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikuwekwa kule bure.

Tukipiga kambi ndani ya laga? Mchanga ni laini.
Hapana, ndugu yangu. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanakufikia huku kwako kuna nyota. Angalia vijiti na nyasi kavu zilizokwama kwenye matawi ya migunga: mafuriko yaliyopita yalifika hapo. Lala juu zaidi.

Na Nyiro ndio huo huo Kulal?
La. Nyiro uko kusini zaidi, unapita mita 2,700, na kwa Wasamburu ni mlima mtakatifu. Ukifika, uliza wenyeji kwanza.